Klirensi ya wahitimu bila karatasi: anza na jedwali, programu baadaye

Mkuu, umeuliza kama ofisi ya msajili ya chuo cha hapa Mtwara inaweza kuacha kutumia karatasi kwa fomu ya klirensi, ile ambayo kila ofisi huidhinisha kwamba mhitimu hadaiwi, bila kuajiri mwandishi wa programu. Inaweza. AppSheet au Power Apps, zana za kutengeneza programu bila kuandika msimbo, zinatosha, na karani anayeijua Excel vizuri ataimudu kazi. Kinachoangusha wengi ni jedwali.

Kosa kubwa ni kuiga karatasi: mstari mmoja kwa kila mwanafunzi, kisha safu ya maktaba, ya bweni, ya maabara, ya uhasibu. Mkutubi na mhasibu wakiugusa mstari huohuo, anayehifadhi mwisho anaweza kufuta alichoandika mwenzake, hasa AppSheet inapotumika bila mtandao na kutuma taarifa baadaye. Tengeneza majedwali matatu: Wanafunzi, Maombi na Idhini. Kwenye Idhini, kila ofisi iwe na mstari wake kwa kila ombi: namba ya ombi, ofisi, hali, sababu, aliyeidhinisha, tarehe. Ofisi mpya ikija unaongeza mstari tu.

Sasa piga hesabu. Wahitimu 800 mara ofisi 7 ni mistari 5,600. Power Apps inapopewa utafutaji ambao hifadhidata haiwezi kuufanya yenyewe, huchukua mistari 500 ya kwanza. Ukipandisha kikomo, mwisho 2,000. Mjenzi huona alama ya onyo ya njano, ila karani dirishani haoni kitu: anamwambia mwanafunzi hayumo, na binti wa watu anapanda tena gari kutoka Newala kufuata idhini iliyokwisha kutolewa. Hili linaumiza, na linazuilika. Kama data iko kwenye orodha ya SharePoint (hifadhi ya Microsoft ya mtandaoni), tafuta namba ya usajili kwa amri ya StartsWith, inayolinganisha herufi za mwanzo, achana na amri ya Search, na uiwekee safu hiyo faharasa (index, ya kuharakisha utafutaji) kabla orodha haijafika mistari 5,000.

Namba ya usajili na ya simu zihifadhiwe kama maandishi, la sivyo 0 ya mbele inapotea. Namba ya mtihani wa kidato cha nne ina mikwaju; ibadilishe iwe vistari kabla ya kuitumia kama jina la faili la PDF.

Madeni ya ada usiyanakili humo. Mhasibu aangalie mfumo wake wa malipo, kisha aidhinishe.

Programu imilikiwe na akaunti ya ofisi. Aliyeijenga kwa akaunti yake akihama na akaunti ikafungwa, barua pepe za kujiendesha husimama. Na kwa kuwa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inatumika tangu Mei 2023, mkutubi aone jina, namba ya usajili na vitabu anavyodai, basi.

Jaribu kwanza na idara moja. Kwenye jaribio weka mwanafunzi mwenye deni, mwenye majina yanayotofautiana na cheti, na mwenye simu ya batani, ambaye dirisha la karani lazima libaki wazi kwa ajili yake.