Mafao ya mume aliyestaafu baada ya talaka

Dada, umeeleza kwamba talaka yenu inasikilizwa hapa Dodoma, kwamba mumeo alistaafu ualimu akalipwa mafao ya mkupuo (fedha za kustaafu zinazotolewa kwa pamoja mara moja) na PSSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii wa watumishi wa umma, na unauliza kama una haki humo. Kifungu cha 114 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 huipa mahakama mamlaka ya kugawa mali iliyochumwa kwa juhudi za pamoja, na tangu hukumu ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu ya mwaka 1983, kazi za nyumbani nazo huhesabiwa kuwa mchango. Usidhani, hata hivyo, kwamba nusu ni yako moja kwa moja (mtaani husemwa hivyo sana), kwa kuwa kinachopimwa ni mchango.

Kifungu hicho hakitaji pensheni kwa jina. Kwa maoni yangu, basi, elekeza nguvu zako kwenye kile ambacho mkupuo umekuwa. Ikiwa fedha hizo ndizo zilizonunua kiwanja cha Nkuhungu na shamba la zabibu la Hombolo, tafuta mikataba ya mauziano, tazama tarehe na sahihi za mashahidi, kisha umwombe wakili aiombe mahakama iamuru taarifa ya benki iletwe, ili tarehe ya malipo ilinganishwe na tarehe ya manunuzi. Ombi la mgawanyo liwekwe wazi katika shauri hilohilo.