Chupa Mbili, Sahani Moja: Namna Tunavyoonja Divai Nyekundu Nyumbani

Anayetaka kuzielewa divai nyekundu hahitaji chupa ya kifahari wala msamiati wa wataalamu. Anahitaji chupa mbili tofauti zilizofunguliwa jioni moja, pamoja na chakula alichozoea kukila. Chupa ikiwa peke yake mezani haina cha kulinganishwa nacho, na mnywaji huishia kusema tu kwamba ni nzuri au si nzuri. Zikiwa mbili, hata mtu ambaye hajawahi kuonja kwa makini hutambua papo hapo kwamba hii ni nyepesi na ile ni nzito, hii inamjaza mate na ile inamkausha mdomo. Huo ndio utaratibu wetu nyumbani kwa miaka kadhaa sasa, na yote ninayoshauri hapa nimeyapata kwenye meza ya chakula cha jioni, si darasani.

Kwa kuanzia, chupa hizo zitofautiane sana. Chukua divai nyepesi, ya zabibu za Pinot Noir au Gamay, uiweke kando ya nzito ya Cabernet Sauvignon au Syrah. Juisi ya takriban zabibu zote nyeusi haina rangi. Wekundu wa divai hutoka kwenye maganda yanayolowekwa ndani ya juisi hiyo wakati inachachuka, na maganda hayohayo, pamoja na mbegu, ndiyo yanayotoa tanini, yaani kile kinachouachia ulimi na ufizi ukakasi. Pinot Noir ina ganda jembamba, ndiyo maana ukiinua glasi yake kwenye mwanga unaweza kuona vidole vyako upande wa pili. Punje za Cabernet Sauvignon ni ndogo na ganda lake ni nene, hivyo maganda na mbegu huwa nyingi kwa kulinganisha na juisi iliyopo, na divai yake hutoka nyeusi na yenye kubana mdomo.

Ukishaizoea tofauti hiyo kubwa ndipo utafute iliyo ndogo. Malbec ya Cahors nchini Ufaransa na Malbec ya Mendoza nchini Argentina ni zabibu ileile iliyokulia katika hali mbili zisizofanana kabisa, na kuzionja pamoja hufundisha mengi kuhusu jua na mwinuko wa shamba. Kwa anayetaka kujua kazi ya pipa na muda, Rioja ya Hispania inafaa, kwa kuwa sheria za eneo hilo zinaonekana kwenye lebo: Crianza nyekundu hukaa angalau miaka 2 kabla ya kuuzwa, mwaka 1 kati ya hiyo ndani ya pipa la mwaloni, na Gran Reserva hukaa angalau miaka 5, ikiwemo 2 ndani ya pipa. Ya kwanza bado inanukia matunda mabichi. Ya pili imeshaingia kwenye vanila, ngozi na majani makavu.

Kuna jambo moja ambalo kwa maoni yangu linaharibu divai nyingi nyumbani kuliko jingine lolote, nalo ni joto. Ushauri wa zamani wa kuinywa divai nyekundu katika joto la chumba ulitoka kwa watu wa Ulaya waliokuwa wakiishi katika nyumba za mawe zenye ubaridi, na hauna maana katika chumba chenye nyuzi joto 27. Divai nzito hupendeza ikiwa na nyuzi joto 16 hadi 18 za sentigredi, na nyepesi hata 12 hadi 14. Ikizidi hapo sana, kileo hutangulia puani kabla ya harufu ya matunda, na divai nzima huonekana imelegea. Chupa iliyokuwa kabatini itiwe kwenye friji kwa muda kabla ya kufunguliwa, na ile nyepesi ikae kwa muda mrefu zaidi. Ni afadhali ikizidi ubaridi kidogo, kwa sababu itapata joto yenyewe ndani ya glasi, ingawa divai yenye tanini nyingi isiwe baridi kama bia, maana hapo harufu hujificha na ukakasi hubaki peke yake.

Kuhusu vyombo sina mengi ya kusema. Glasi zifanane, ziwe na tumbo pana na mdomo mwembamba, na zijazwe theluthi moja tu ili pawe na nafasi ya kuizungusha divai. Kuhusu kuipa divai hewa, kuing'oa kizibo saa moja kabla na kuiacha chupa imesimama hakusaidii sana, kwa kuwa hewa inaigusa kwenye shingo tu. Anayetaka ifunguke, yaani itoe harufu yake vizuri, aimimine kwenye jagi. Divai ya miaka mingi imiminwe taratibu ili mashapo yabaki chupani.

Tunaonja mara mbili: kabla ya chakula na pamoja na chakula. Ile ya kwanza tunaifanya mbali na jiko, kwa sababu kitunguu kinachokaangwa hushinda kila harufu nyingine nyumbani. Mmoja wetu humimina akiwa ameifunika kila chupa kwa mfuko wa karatasi, nasi wengine hatujui ipi ni ipi. Ufunikaji huo si mchezo wa kuaibishana. Mwaka 2001 watafiti wa Ufaransa, Gil Morrot, Frédéric Brochet na Denis Dubourdieu, walichapisha jaribio ambamo wanafunzi 54 wa fani ya divai walipewa divai nyeupe iliyotiwa rangi nyekundu isiyo na harufu, nao wakaieleza kwa maneno ya divai nyekundu. Ikiwa macho yanaweza kuyahadaa mapua yaliyofunzwa, lebo yenye picha ya kasri inaweza kutufanya nini sisi tulioketi mezani na njaa?

Kwanza nusa kabla ya kuizungusha glasi, kisha izungushe na unuse tena. Mara nyingi harufu ya pili ndiyo yenye habari. Halafu chukua funda dogo, ulizungushe mdomoni hadi liguse ufizi, uvute hewa kidogo juu yake, kisha umeze au uteme. Jiulize mambo matatu tu. Mate yanakuja kwa wingi pembeni mwa ulimi? Huo ni uchachu. Midomo inagandana na meno? Hiyo ni tanini. Koo linapata moto? Hicho ni kileo, ambacho katika divai nyekundu nyingi huwa kati ya asilimia 12 na 15. Majina ya matunda na viungo yaje baadaye, na msigombane kwa ajili yake. Harufu ya pilipili manga iliyomo katika Syrah, kwa mfano, inatokana na kiambato kiitwacho rotundoni, ambacho wanasayansi wa Australia walieleza mwaka 2008 kwamba ndicho kilichomo pia katika pilipili manga yenyewe, na katika utafiti huo takriban mtu mmoja kati ya watano hakuweza kukinusa hata kilipokuwa kingi. Kwetu yupo mmoja wa aina hiyo, naye kwa muda mrefu alituona tunajitia ujuzi.

Sasa chakula kije mezani, na hapa ndipo penye utamu wa zoezi lote. Ukitaka kuona kwa macho yako jinsi divai inavyogeuka bila kubadilishwa, fanya jaribio hili kwa kipande cha nyama ya ng'ombe iliyochomwa bila chumvi. Kikate vipande vidogo vinne. Kula cha kwanza kama kilivyo na unywe funda la Cabernet Sauvignon: ukakasi utapungua kidogo, lakini utakuwepo. Cha pili kinyunyizie chumvi, utafune, unywe tena. Divai ileile itakuwa laini na yenye matunda zaidi, kana kwamba mtu ameibadilisha ulipogeuka. Cha tatu kitie chumvi na matone ya limau, na utashangaa kuona kwamba uchachu wa chakula unaupunguza uchachu wa divai badala ya kuuongeza. Cha nne kipake sosi tamu yenye sukari au asali. Hapo divai huwa chungu, nyembamba na kali, na ni hiyohiyo uliyoisifu dakika chache zilizopita.

Sababu zake si fumbo. Tanini hushikamana na protini za mate, na kwa kuwa mate ndiyo yanayoulainisha mdomo, tunahisi ukavu. Protini na mafuta ya nyama huzipa tanini kitu kingine cha kushikamana nacho, na chumvi hupunguza uchungu unaohisiwa na ulimi. Sukari ya chakula hufanya kinyume, kwa kuwa ulimi uliokwisha kuzoea utamu huiona divai kavu, yaani isiyo na utamu wa sukari, kuwa imekauka maradufu. Ndiyo maana ninawashauri rafiki zangu waache kujiuliza nyama ni ya rangi gani, na badala yake wajiulize imepikwaje na mchuzi wake una nini.

Kuku ni mfano mzuri. Aliyechemshwa na kuungwa kwa malai anafaa kwa Pinot Noir au Gamay, na Cabernet Sauvignon itamfunika asisikike. Aliyechomwa kwenye makaa hadi ngozi ikaungua kidogo anaweza kusimama na Syrah, kwa sababu moshi na uchungu mdogo wa ngozi hiyo vinapatana na divai yenye pilipili manga na tanini. Akiwekwa ndani ya mchuzi mzito wa nyanya, kuku hana tena usemi. Anayetawala ni nyanya, na nyanya ina uchachu mwingi unaoifanya divai laini ya Merlot ionekane imepooza. Hapo ninakwenda kwa Sangiovese, zabibu ya Chianti, au Barbera ya Piemonte, ambazo zina uchachu wa kutosha kushindana nayo. Waitalia wamekula nyanya na divai hizo kwa vizazi vingi, na katika jambo hili sioni haja ya kuwapinga.

Uyoga, jibini iliyokomaa na sosi ya soya vinahitaji uangalifu. Ladha yao nzito, ile inayoitwa umami, huongeza uchungu na ukakasi wa tanini, hasa chakula kikiwa na chumvi kidogo. Kwa hiyo uyoga uliokaangwa kwa siagi ninauweka na Pinot Noir, ambayo tanini zake ni chache na harufu yake ikizeeka huelekea huko huko kwenye udongo na majani yaliyoloa. Jibini ngumu huwa na chumvi na mafuta ya kutosha kujitetea. Pilipili kali nayo ina kanuni yake: kileo huzidisha moto wake, hivyo divai ya asilimia 15 juu ya chakula chenye pilipili ni adhabu. Chagua nyepesi, yenye matunda mengi na kileo kidogo, na uipoze zaidi ya kawaida.

Samaki si marufuku. Mwaka 2009 watafiti wa Kijapani walionyesha kwamba ladha mbaya ya shombo inayobaki mdomoni baada ya kula samakigamba aitwaye skalopi na kunywa divai inahusiana na madini ya chuma yaliyomo katika divai, ambayo kiasi chake hutofautiana kati ya chupa na chupa. Hii inaeleza kwa nini mtu mmoja huapa kwamba samaki na divai nyekundu havipatani na mwingine haoni tatizo lolote. Mimi hutumia Pinot Noir iliyopozwa kwa samaki mwenye nyama nzito, kama jodari aliyechomwa, na ninaepuka divai nyekundu kabisa kwa chaza na samaki wadogo wenye mafuta.

Kabla ya kuulaumu mlo, hakikisha kwamba chupa yenyewe ni nzima. Divai inayonuka boksi la karatasi lililoloa maji, na ambayo matunda yake yametoweka, imeharibiwa na kiambato kinachofupishwa TCA, ambacho mwanakemia wa Uswisi, Hans Tanner, na wenzake walikitambua mwaka 1981. Mara nyingi hutoka kwenye kizibo. Hakina madhara kwa afya kwa kiasi hicho, lakini hakuna chakula kitakachoiokoa divai hiyo, na wauzaji wengi hukubali kuibadilisha.

Chupa mbili za mililita 750 ni nyingi kwa watu wawili, na wala hazikusudiwi kumalizwa. Mimina mililita 50 hivi kwa kila onjo, weka bakuli la kutemea bila haya, na mwenye kuendesha gari baadaye ateme kila funda au asionje kabisa. Kinachobaki kirudishiwe kizibo na kiwekwe kwenye friji, ambako divai nyekundu nyingi hukaa vizuri kwa siku 3 hivi, hata hadi 5 zile zenye tanini nyingi. Mara nyingi ile nzito iliyokuwa imejifunga jana hufunguka siku ya pili, na inafaa kuionja tena na chakula kingine ukilinganisha na ulichoandika. Itoe kwenye friji mapema kidogo ipungue ubaridi. Ikianza kunuka siki, itie kwenye chombo cha siki na si kwenye mchuzi, kwa sababu kupika hakuiondoi harufu hiyo yote.