Kidole cha mwisho ndicho kikuchagulie kibodi

SWALI: Habari za kazi, fundi. Kazi yangu ni kuandika na kutafsiri, saa saba hadi nane kwa siku, na sehemu kubwa naifanya usiku mwanangu akiwa amelala chumba hichohicho. Natumia kibodi ya kawaida ya raba. Ikifika saa nne usiku vidole vimechoka, hasa vya mkono wa kushoto. Rafiki yangu ananisifia kibodi za mekanika, kanishauri nichukue yenye swichi za bluu kwa kuwa ndizo za waandishi. Dukani nimekuta pia nyekundu na kahawia, na nyingine ndogo hata mishale hazina. Nichukue ipi?
Mfasiri, Morogoro

JIBU: Nzuri, dada, na pole kwa vidole. Bluu iache. Mlio wake wa klik unatoka ndani ya swichi yenyewe, yaani kile kijisanduku kilicho chini ya kila kitufe, kwenye kipande cha plastiki kinachoruka kila unapobonyeza. Watu huvalisha vitufe vipete vya raba wakidhani vitaizima, lakini vipete hupunguza kishindo cha kitufe kugonga chini tu. Klik inabaki, na mtoto ataamka.

Kwenye kibodi ya raba, herufi haiandikiki mpaka kitufe kifike karibu na chini kabisa, kwa hiyo mkono unazoea kugonga. Ya mekanika ina swichi na springi ya peke yake kwa kila kitufe, na herufi inatoka njiani. Kwa swichi za kawaida za Cherry MX, za kampuni ya Cherry, ambazo ndizo wengi wanaziiga, kitufe kinashuka milimita 4 lakini herufi imeshaandikika kwenye milimita 2. Unafuu unaoutafuta umo kwenye hizo milimita 2 za chini usizolazimika kuzishuka. Kama utaendelea kugonga mpaka mwisho, hata kibodi ya bei ghali itakuchosha.

Nyekundu inateleza moja kwa moja bila kizuizi, na inahitaji nguvu ya kama gramu 45. Kwa mtu mwenye mkono mwepesi ni tamu sana, ila anayetoka kwenye raba huanza kwa kuandika herufi asizozikusudia, maana kidole kikipumzika vibaya tu, tayari. Kahawia ina kinundu kidogo njiani. Kidole kinakihisi muda ule herufi inapotoka, kinajua kazi imekwisha, kinarudi juu. Mimi huwaelekeza huko karibu wafasiri wote wanaoniuliza, kwa sababu kinundu kinakufundisha kutogonga. Usiziamini rangi kupita kiasi, lakini. Kwa kampuni ya Razer, kwa mfano, kijani ndiyo inayolia na ya rangi ya chungwa ndiyo yenye kinundu. Muulize muuzaji: inateleza, ina kinundu, au inalia? Na springi yake ni gramu ngapi?

Hayo ya gramu yananigusa zaidi, kwa sababu ya lugha unayoiandika. Tazama maneno sita ya kwanza ya maelezo yako: “Kazi yangu ni kuandika na kutafsiri.” Yana herufi 30, na 6 kati yake ni a. Neno kama “anapambana” lina herufi 10, nusu yake ni a. Sasa angalia a ilipo kwenye kibodi: chini ya kidole cha mwisho cha kushoto, kilicho dhaifu kuliko vyote. Herufi i, u na o zimeangukia vidole vyenye nguvu zaidi vya mkono wa kulia. Juu ya hapo, programu nyingi za kutafsiria hutumia Ctrl na Enter kuidhinisha sentensi, na Ctrl tunaibonyeza kwa kidole hichohicho. Sishangai kwamba kushoto ndiko kunakochoka. Ukikuta swichi nzito, mfano nyeusi ya Cherry yenye gramu 60, ipite.

Kwa hiyo ukienda dukani, usijaribu kwa kubofyabofya kitufe kimoja kwa kidole cha shahada. Kidole hicho kina nguvu, kitakubali chochote. Keti, weka mikono kama ukiwa kazini, andika aya nzima ya Kiswahili, kisha jiulize kidole cha mwisho cha kushoto kinajisikiaje. Dakika kumi zinatosha, na muuzaji muungwana hatakunyima.

Kwa hali yako ningetafuta swichi yenye kinundu ya aina ya kimya. Ndani yake ina viraba vidogo vinavyomeza kishindo kitufe kinapofika chini na kinaporudi juu. Usipoipata, kahawia ya kawaida itafaa, ukiweka kitambaa kizito chini ya kibodi.

Hizo ndogo zisizo na mishale, zenye vitufe 61, waachie wengine. Mfasiri anayerukaruka ndani ya sentensi siku nzima anahitaji mishale, Home na End mahali pake. Chukua ya vitufe 87, isiyo na sehemu ya namba upande wa kulia. Mausi itasogea karibu na bega litapumzika. Miguu ya nyuma ya kibodi usiisimamishe: za mekanika zenyewe ziko juu, ukiziinua zaidi kifundo cha mkono kinapinda.

Hakikisha pia swichi zinachomoka kwa koleo bila kulehemu. Moja ikifa kwa vumbi au chai, unaibadilisha mwenyewe kwa dakika moja, na ukigundua kahawia haikufai unanunua swichi tu. Uliza kama matundu yake yanapokea swichi za pini 5, yaani vijiti vitano chini ya swichi. Yakipokea hizo, na za pini 3 zitaingia.

Caps Lock, ambayo sidhani unaitumia, igeuze iwe Ctrl. Kwenye Windows, programu ya bure ya PowerToys inafanya hivyo, na unaweza kuanza usiku wa leo kwa kibodi uliyonayo. Ila kama vidole vinakufa ganzi au maumivu yanakuamsha usingizini, usingoje kibodi mpya, dada. Nenda kwa daktari kwanza.