Umeacha unga siku nyingi? Kapime ini

Nawaandikia wenzangu wa rika langu, tuliojidunga Dar es Salaam na Unguja tangu ule unga mweupe, yaani heroini, ulipoingia, mwishoni mwa miaka ya 1990. Tuliobaki tuko kwenye hamsini sasa. Wengi tuliacha zamani, tuna kazi, wengine tuna wajukuu. Lakini tukienda hospitali kwa presha au mgongo, ya nyuma tunayafunika kwa aibu. Nawaombeni tuyaseme.

Kikubwa ni ini. Virusi vya homa ya ini aina ya C hupita kwenye damu, na kijiweni bomba moja la sindano lilizunguka mikono mingi. Mtu hukaa navyo miaka 20, hata 30, haumwi popote, huku ini linaota makovu. Macho yakigeuka njano na tumbo likijaa maji, ini limeshaharibika sana. Kipimo cha VVU kikitoka safi hakisemi lolote kuhusu ini. Sema hivi: “Daktari, zamani niliwahi kujidunga, naomba kipimo cha homa ya ini C.” Cha kwanza huonyesha kama virusi viliwahi kuingia. Wapo ambao mwili uliviondoa wenyewe, kwa hiyo kikionyesha viliwahi kuingia omba cha pili, kinachotafuta virusi vyenyewe.

Nilipoambiwa vyangu bado vimo, sikulala. Kumbe dawa ipo: vidonge, kwa kawaida wiki 12, na zaidi ya watu 9 kati ya 10 hupona kabisa. Nimepona. Ila kovu la ini hubaki la kufuatiliwa, na pombe ni mwiko, hata ya harusini. Ukijidunga tena unaweza kuambukizwa upya. Aina C haina chanjo. Aina B inayo, iulizie.

Miguu nayo. Waliojidunga kwenye kinena, damu hairudi juu vizuri: jioni vifundo vinavimba, ngozi inakuwa nyeusi, kisha kinatoka kidonda kisichofunga. Kionyeshe kliniki kingali kidogo, na ukikaa inua miguu. Sigara, ambazo wengi hatujaziacha, zinaongeza tatizo la mishipa na kifua.

Walio kwenye methadoni, dawa inayotolewa badala ya unga, ambayo Hospitali ya Muhimbili ilianza kuitoa 2011, wana sababu zaidi ya kusema. Rifampisini ya kutibu TB huipunguza methadoni mwilini mpaka arosto, yale mateso ya kukosa unga, inarudi. Usiache dawa ya TB. Kituo kirekebishe dozi. Kabla ya upasuaji, mtaalamu wa usingizi naye ajue, apange dawa za maumivu zitakazokufaa.

Yupo muuguzi atakayekukunjia uso. Nimekutana naye, na inauma. Nenda na mkeo, dada yako, au yeyote anayekujua. Na kabla hajaanza kukutoboatoboa akitafuta damu, mwonyeshe mshipa uliobaki. Wewe ndiye unayeujua.

Nyumbani, hadi majibu yatoke, wembe na mswaki wako usimwazime mtu.