Kori 14 Hazisongi Posho: Maswali Yenu Kuhusu Prosesa

Barua za mwezi huu karibu zote zinauliza jambo moja: mtu anunue kompyuta ya mezani ya kawaida, au hizi mashine za seva za mtumba zenye kori nyingi, yaani vitengo vingi vya kufanya kazi ndani ya prosesa moja? Nimechagua saba. Mengine nimeyajibu kwa mstari mmoja kwa sababu hayahitaji zaidi.

Shikamoo mzee. Nina duka la usanifu na uchapaji Nasser Road, Kampala. Kutwa nzima niko kwenye CorelDRAW na Photoshop. Kwa bei ileile naweza kupata prosesa ya seva ya Xeon E5-2680 v4 yenye kori 14 na ramu ya gigabaiti 64, au Core i5-12400 yenye kori 6 na ramu ya 16. Muuzaji ananiambia 14 ni zaidi ya mara mbili ya 6. Nichukue ipi?

Marahaba mwanangu. Chukua i5, kisha uongeze ramu ifike 32.

Hesabu ya muuzaji ni sahihi, ila haihusu kazi yako. Umewahi kuona matoke yakimenywa kwa ajili ya kwanjula, sherehe ya kumtambulisha bwana harusi kwao bibi harusi? Wanawake ishirini, kila mmoja na kisu chake, rundo linakwisha kabla jua halijawa kali. Ukiongeza watu, kazi inakwisha mapema. Sasa nenda kwenye sufuria ya posho, yaani ugali. Mwiko ni mmoja. Hata ukiita kijiji kizima jikoni, anayesonga ni mtu mmoja, na posho itaiva kwa kasi ya mkono wake. Programu zako nyingi ni posho. Unapofungua bango la mita tatu lenye vivuli na picha zilizobebana, sehemu kubwa ya kazi hupita kwenye kori moja, hatua kwa hatua, kwa sababu hatua ya pili inasubiri jibu la kwanza.

Usiniamini mimi, tazama mwenyewe. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc pamoja, fungua ukurasa wa utendaji, bofya mchoro wa prosesa kwa kitufe cha kulia na uchague kuonyesha kila prosesa peke yake. Nilifanya hivyo kwenye duka moja la hapohapo Nasser Road, kwenye mashine kama hiyo unayouziwa. Yalitokea masanduku 28, kwa kuwa kila kori hubeba nyuzi mbili, yaani foleni mbili za kazi. Mteja alikuwa mlangoni akisubiri bango lake, kijana ameshabonyeza kuhifadhi PDF, na kwenye skrini sanduku moja lilikuwa limejaa hadi juu, mengine 27 yamelala chini. Jumla iliandikwa asilimia 4. Mwenye duka alikuwa anaamini mashine haina kazi, kumbe ilikuwa imefika mwisho wa uwezo wake kwa kazi ile.

Kori moja ya E5-2680 v4, ya mwaka 2016, hupanda hadi gigahetsi 3.3. Ya i5-12400 ya mwaka 2022 hufika 4.4, tena kila mpigo mmoja hufanya kazi zaidi kwa sababu muundo wake ni mpya. Kwa kazi ya kori moja tofauti inakaribia mara mbili. Hata ukizitumikisha kori zote, zile 6 mpya zinakimbizana vizuri na zile 14 za zamani, na zinakula umeme kidogo: wati 65 kwa 120 kwa vipimo vya kiwandani.

Na hili hukuuliza, lakini utalijua: Xeon hiyo haina sehemu ya kutoa picha kwenye skrini ndani yake, itabidi ununue kadi ya picha. Haimo kwenye orodha ya prosesa zinazokubaliwa na Windows 11, na Windows 10 iliachwa na Microsoft tarehe 14 Oktoba 2025. Nyingi ya madabodi mapya ya X99 yanayouzwa nayo yametengenezwa kwa chipu zilizobanduliwa kwenye bodi kuukuu. Likiharibika, usitegemee kupata la kufanana nalo mjini.

Kwa sasa prosesa gani ni bora? (Barua tano, miji mbalimbali.)

Bora kwa kazi gani, kwa pesa ngapi, kwenye umeme wa namna gani? Nimeomba haya matatu mara nyingi. Barua isiyokuwa nayo sitaijibu tena.

Kaka, napiga na kuhariri video za kwanjula na harusi hapa Jinja. Kamera yangu mpya inarekodi H.265 ya 4:2:2 na kompyuta inakwamakwama hata kutazama tu. Nihamie Threadripper, zile prosesa kubwa za AMD?

Hapana kaka. H.265 ni namna ya kubana video, na 4:2:2 ni kiwango cha rangi kinachohifadhiwa. Tatizo lako ni kufungua picha zilizobanwa, na kazi hiyo ina sehemu yake maalumu ndani ya chipu. Prosesa za Intel za kizazi cha 11 kuja juu, zile zenye picha ndani, hufungua H.265 ya 4:2:2 bila jasho. Zenye herufi F mwishoni hazina sehemu hiyo, kwa hiyo soma jina lote kabla ya kulipa. Kadi za Nvidia zilipata uwezo huo kwenye mfululizo wa RTX 50 mwaka 2025. Za nyuma yake hazina. Threadripper nayo haina picha ndani, hivyo ungelipa pesa nyingi na bado ungekwama palepale.

Ukinunua Core za kizazi cha 13 au 14 za mtumba, fungua macho. Mwaka 2024 Intel yenyewe ilikiri kwamba baadhi ya prosesa hizo za mezani zilikuwa zikijiomba volti nyingi kupita kiasi na kuharibika polepole. Marekebisho yalianza kutoka Agosti mwaka huo kupitia BIOS, ile programu ya ndani ya bodi inayowasha mashine, lakini chipu iliyokwisha kuharibika haiponi. Sasisha BIOS siku ileile unayoifikisha nyumbani, kisha ibebeshe kazi nzito saa kadhaa kabla siku za kurudisha hazijapita.

Sisi ni SACCO ya Mbarara, makarani 20, mfumo wa hesabu unaotumia SQL Server, programu ya Microsoft ya kuhifadhi data. Mfumo umekuwa mzito. Muuzaji amependekeza seva yenye prosesa ya AMD EPYC 7742 ya kori 64 ili "tusinunue tena miaka kumi". Kamati inataka maoni yako.

Naomba kamati isitie saini bado.

Makarani 20 wanaoandika amana na mikopo hawawezi kushibisha kori 64. Hawatashibisha hata 16. Lakini ubaya mkubwa hauko kwenye chuma, uko kwenye leseni. Windows Server hulipiwa kwa kori, na lazima ulipie kila kori iliyomo kwenye mashine, angalau 16. SQL Server nayo, mkichagua leseni ya kori, hutaka kila kori ya mashine ilipiwe. Na toleo la Standard la mwaka 2022 hutumia kori 24 tu. Mtalipia 64, zifanye kazi 24, na pesa hizo ni za wanachama, wengine wao wanaweka elfu kumi kumi kwa wiki. Muuzaji aliyewaandikia pendekezo hilo bila kutaja leseni aulizwe kwa nini, na ajibu kwa maandishi.

Sasa uzito. Kabla ya kugusa prosesa, tazameni mfumo umekaa kwenye diski gani. Seva nyingi za SACCO nilizofungua zilikuwa na diski za zamani za kuzunguka, na karani akibonyeza "hifadhi" anasubiri sindano ya diski itafute mahali pake. SSD mbili, yaani diski zisizo na kitu kinachozunguka, zinazonakiliana huondoa uzito huo kwa sehemu ndogo ya bei ya EPYC.

Mkilazimika kununua mashine mpya, tafuteni seva ndogo yenye mfano wa Xeon E-2378: kori 8, wati 65, na inakubali ramu ya ECC. Kwa ukoo ni ndugu wa prosesa za mezani, imevaa tu kanzu ya seva. ECC msiikwepe. Ni ramu inayogundua tarakimu iliyogeuka yenyewe na kuirekebisha. Kwenye picha ya harusi tarakimu moja ikigeuka hakuna anayeona. Kwenye salio la mwanachama ni kesi.

Na nakala ya data isilale jengo moja na seva. Nawasihi. Radi za huku kwetu mnazijua.

Nina ramu nne za gigabaiti 32 nilizotoa kwenye seva. Naweza kuzichomeka kwenye kompyuta yangu ya mezani? Arua.

Kama kibandiko kina herufi R baada ya tarakimu za kasi, au kimeandikwa RDIMM, haziwezi. Usizilazimishe. Wauzie wenye seva.

Shikamoo. Ninasomea bioinfomatiki, niko Entebbe. Kila mtu ananiambia kori nyingi ni kupoteza pesa, nawe umeandika hivyo. Mimi nalinganisha sampuli za jenomu, nyingine za binadamu, na kompyuta ya kori 8 inachukua usiku kucha. Bado unanikataza?

Marahaba binti yangu. Sikukatazi. Wewe ndiye mtu ambaye mashine hizi zilitengenezewa, na nimefurahi barua yako imekuja, kwa sababu Entebbe ni mji wa kazi hiyo tangu taasisi ya utafiti wa virusi ilipoanzishwa mwaka 1936.

Kazi yako ni kumenya matoke. Mamilioni ya vipande vya jenomu, na kila kipande kinatafutiwa mahali pake bila kumsubiri mwenzake. Programu kama BWA unaiambia itumie nyuzi ngapi, nayo inazitumia kwelikweli. Hata hivyo pima kwanza. Gene Amdahl alieleza mwaka 1967 kwamba ile sehemu ya kazi isiyogawanyika ndiyo inayoweka mpaka. Tuseme asilimia 90 ya kazi yako inagawanyika. Kori 8 zitakupa kasi ya mara 4.7, kori 16 mara 6.4, kori 64 mara 8.8. Tazama ulivyolipa kori 48 za ziada na ulichopata. Dawa yake ni kutoikabidhi sampuli moja kori zote 64. Endesha sampuli nane pamoja, kila moja na kori 8, na hapo mashine nzima inafanya kazi.

Ila hapo ramu ndiyo itakayokubana. STAR, programu nyingine ya kulinganisha, peke yake kwenye jenomu ya binadamu hutaka kama gigabaiti 30, na nne kwa pamoja ni 120. Madabodi ya mezani hukomea 128, 192 au 256, nayo yana njia mbili tu za kumbukumbu. EPYC 7742 ina njia nane, na hubeba hadi terabaiti 4. Njia nane za DDR4-3200 hupitisha gigabaiti 204 kwa sekunde; mbili hupitisha 51. Kwa kazi yako namba hizo ni kubwa kuliko hesabu ya kori. Kama bajeti haifiki huko, Ryzen 9 ya kori 16 na ramu 128 itakutoa kwenye usiku kucha, na usione haya kuanza nayo.

Onyo moja, nimelilipia. Nilimsaidia rafiki kununua EPYC ya mtumba kwa muuzaji mmoja wa mtandaoni. Tukaifunga kwenye bodi yake, feni zikazunguka, skrini ikabaki nyeusi. Tulichomoa ramu moja moja na kuzirudisha mpaka usiku wa manane, tukafuta vituo vyake kwa spiriti, tukabadilisha hadi kebo ya skrini. Chipu ilikuwa nzima. Ilikuwa imefungwa: baadhi ya watengenezaji wa seva huchoma alama ya kudumu ndani ya EPYC mara inapowashwa kwenye bodi yao, na baada ya hapo haiwaki kwenye bodi ya kampuni nyingine. Haifunguki. Muulize muuzaji kwa maandishi kama chipu imefungwa, na ilitoka kwenye seva ya nani. Akisita, achana naye.

Niko Gulu, natumia sola na betri moja ya volti 12, ampea-saa 200. Nataka mashine ya kuwaka usiku na mchana, ya kuhifadhi mafaili ya ofisi. Rafiki ananipa seva ya Xeon mbili karibu bure. Niichukue?

Kwanza nunua kipima wati cha kuchomeka ukutani, kisha uipime ikiwa haina kazi yoyote. Tuchukue wati 300, ambazo si ajabu kwa seva ya zamani ya prosesa mbili yenye diski zimejaa. Kwa siku ni uniti 7.2, kwa mwezi 216. Kompyuta ndogo ya mezani ya wati 60 ni 43. Hata aliye kwenye Yaka, umeme wa gridi wa kulipia kabla, angeumia, sembuse wewe.

Betri yako ikijaa ina wati-saa 2,400. Kama ni ya asidi usiimalize zaidi ya nusu, kwa hiyo hesabu 1,200. Seva itaitumia saa nne. Kompyuta ndogo saa ishirini, pungufu kidogo kwa kinachopotea kwenye inveta. Jua la Gulu huzama saa moja jioni. Seva hiyo itazima saa tano usiku, kila usiku, na kuzima ghafla namna hiyo ndiko kunakoua mafaili. Mshukuru rafiki yako, mwache nayo.