Gereji imenipa orodha ndefu: nikubali lipi, nikatae lipi?

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mwalimu, mkazi wa Chumbageni jijini Tanga, na natumia Toyota IST ya mwaka 2005 kwenda kazini Muheza na kurudi. Majuzi nililipeleka gari gereji kumwaga oili tu, nikakabidhiwa karatasi inayonitaka nibadilishe mkanda wa taimingi (unaooanisha mizunguko ya ndani ya injini), shokapu zote nne na mafuta ya gia boksi, nozeli zinazonyunyizia petroli zisafishwe na injini ioshwe ndani kwa dawa, jumla shilingi 950,000. Gari halina tatizo ninalolihisi, lakini fundi amenionya kwamba nikichelewa injini itakufa. Nifanyeje?

JIBU: Ndugu Mwalimu, usilipe bado. Jambo la kwanza katika karatasi hiyo linatosha kukusitisha, kwa sababu IST za toleo la kwanza, zilizotengenezwa kati ya 2002 na 2007, zina injini za 2NZ na 1NZ, na zote mbili hutumia cheni ya chuma iliyofichwa ndani ya injini, si mkanda wa taimingi wa mpira. Cheni hiyo haikupangiwa kilomita za kubadilishwa. Huguswa inapoanza kugonga au kulegea, hasa kwa gari lililocheleweshewa oili. Mkanda unaoonekana nje ni fenibelti, unaozungusha vifaa vya nje ya injini kama jenereta, nao ni wa bei ndogo. Kama fundi alikusudia huo, aandike hivyo na akuonyeshe nyufa zake.

Hilo neno, "nionyeshe", ndilo ninalokusihi ulitumie kwa kila kilichobaki. Shokapu iliyokufa huvuja mafuta yakachuruzika kwenye mwili wake, na ukiikandamiza kona ya gari kisha ukaiachia, gari huendelea kuchezacheza badala ya kutulia. Hubadilishwa mbili mbili, za mbele au za nyuma, kwa hiyo nne kwa pamoja zinahitaji ushahidi wa pande zote. Mafuta ya gia boksi yatazamwe kwenye kijiti chake: yakiwa mekundu yanayong'aa hayana haraka, yakiwa meusi na yananuka kuungua yabadilishwe. Nozeli husafishwa kwa sababu, kama vile injini kukosa mapigo au gari kula petroli kuliko kawaida, nawe hukutaja hata moja. Dawa ya kuosha injini iache kabisa, kwa kuwa oili yenyewe imetiwa viambato vya kusafisha, na oili inayomwagwa kwa wakati haiachi uchafu wa kutafutiwa dawa.

Hata hivyo, naomba sana usije ukaanza kukataa kila kitu. Pedi za breki zilizobaki unene wa milimita 3 zibadilishwe siku hiyo hiyo, na boljointi (kiungo kinachoshikilia gurudumu) iliyolegea au tairi lililokwisha si mambo ya kujadiliana bei. Kwa sisi wa pwani, naongeza kutu: upepo wa chumvi hula mabomba ya breki chini ya gari, na fundi anayelipandisha gari lako kwenye jeki ili kuyatazama anakutendea wema.

Kabla ya kazi yoyote, taka makisio yanayotenganisha spea na ufundi, peleka orodha hiyo kwa fundi wa pili asiyejua kauli ya wa kwanza, na baada ya kazi dai spea za zamani pamoja na risiti ya mashine ya kodi ya EFD.

SWALI: Taa ya injini imewaka, mashine ya kupima ikasoma namba ya kosa P0171, na fundi anataka ninunue sensa ya oksijeni. Je, ni sahihi? Msomaji, Ngamiani.

JIBU: Bado hajathibitisha. Namba hiyo inaeleza kwamba injini inapata hewa nyingi mno kwa petroli inayoingia, na sensa ndiyo iliyotoa taarifa. Mara nyingi kosa huwa ni mpira wa hewa uliopasuka, sensa ya hewa iliyochafuka au pampu ya petroli iliyochoka. Akague hayo kwanza, kisha afute namba na uendeshe siku chache uone kama itarudi. Lakini taa ikianza kuwaka na kuzima mfululizo huku injini ikitetemeka, simamisha gari na umwite fundi ulipo.