Kizibo Ni Chuma, Lakini Ganda Ni Shaba

SWALI: Assalaam alaykum, Maalim. Mimi ni mtu wa Wete, Pemba, lakini sasa ninaishi Morogoro kikazi, nina kibali cha bunduki na huwinda kwa leseni kila msimu. Ninataka kununua bunduki ya risasi moja, ya aina ile ambayo kizibo chake, yaani chuma kinachofunga nyuma ya mtutu, hushuka wima unapovuta wenzo. Nimeonyeshwa tatu, zote za kiwanda na za miaka ya karibuni: moja ya kaliba (aina ya risasi) ya .30-06, moja ya .45-70 na moja ya .375 H&H Magnum, ambayo bei yake imenishinda. Ninawinda swala pala na kongoni, na Mungu akijaalia ningependa siku moja kupata nyati. Fundi mmoja ameniambia ninunue ile ya .30-06, kisha yeye ataipanua chemba, yaani tundu linamokaa risasi, iwe ya .300 Winchester Magnum, kwa kuwa kizibo cha namna hii hakishindwi na risasi yoyote, na kwa kuwa mwenye risasi moja anatakiwa awe na risasi kubwa. Je, nifuate ushauri wake?

JIBU: Wa alaykumu ssalaam, ndugu yangu. Ulichouliza kina jibu fupi: nunua ile ya .30-06, iache kama ilivyotoka kiwandani, na huyo fundi usimpe hata kuishika. Risasi ya .30-06 yenye kichwa (kile kipande kinachoruka) cha greini 180, yaani gramu 12 hivi, hutoka mtutuni kwa mwendo wa karibu mita 820 kwa sekunde, na hiyo inamtosha swala pala, inamtosha kongoni, na inamtosha hata pofu akipigwa mahali pake kwa kichwa kilichoundwa vizuri. Nyati muweke kwa baadaye. Kwa wanyama hatari, kipimo cha chini kinachokubaliwa Tanzania ni .375, kwa hiyo hiyo .300 unayotaka kutengenezewa, pamoja na jina lake kubwa, haikufikishi kwa nyati hata ikisalimika mikononi mwa fundi. Utakuwa umetoa fedha, umeiharibu bunduki nzuri, kibali chako kinasema .30-06 wakati chemba inasema jengine, na nyati yuko pale pale alipokuwa.

Ile ya .45-70 sikushauri, ingawa si risasi mbaya. Ni risasi ya jeshi la Marekani ya mwaka 1873, iliyozaliwa na baruti nyeusi, na kwa kuwa bunduki dhaifu za zama hizo bado zipo mikononi mwa watu, viwanda huiwekea kikomo cha shinikizo la paundi 28,000 tu kwa inchi ya mraba, wakati .30-06 hufika 60,000. Kichwa chake ni kizito na mwendo wake ni mdogo. Kichakani kwa hatua hamsini hufanya kazi yake barabara, lakini kongoni aliyesimama uwandani mita mia mbili atakufanya ukisie kichwa kitashuka kiasi gani kabla ya kumfikia. Wapo wanaotengeneza .45-70 zenye nguvu zaidi kwa ajili ya bunduki madhubuti za sasa, nazo ndizo zinazosifiwa kwa wanyama wakubwa, lakini kuzipata huku kwetu ni kazi, na risasi moja ikipotea njia ikaingia katika bunduki ya babu wa mtu, mambo huharibika.

Kinachonifanya nirefushe jibu ni ile kauli kwamba kizibo hakishindwi. Sina wiki inayopita bila ya kuisikia, na wanaoisema kwa sauti kubwa zaidi ni mafundi wenyewe. Ukweli uliomo ndani yake siukatai. Tangu John Farquharson wa Scotland aipatie hataza bunduki yake mwaka 1872, na John Browning wa Marekani aliyefuata mwaka 1879 na muundo uliokuja kuuzwa na Winchester kama Model 1885, mpaka Ruger No. 1 iliyoanza kutoka mwaka 1967, bunduki za kizibo kinachoshuka zimesifiwa kwa uimara, kwani kizibo hukaa ndani ya mifereji iliyochongwa katika kuta nene za chuma, na risasi inapolipuka hukisukuma kiegemee chuma hicho. Hiyo Ruger imewahi kutengenezwa kwa .30-06, kwa .375 H&H na hata kwa .458. Hapo ndipo fundi wako alipopata hoja yake: ikiwa kizibo ni kile kile, kuna ubaya gani kubadilisha chemba?

Ubaya ni kwamba anayezuia moto wa baruti si kizibo peke yake, na wala si kizibo kwanza. Wa kwanza ni ganda linalobeba baruti, na ganda ni shaba. Risasi inapolipuka, ganda huvimba likabana kuta za chemba na kuziba gesi isirudi nyuma. Likikuta kuta zimelingana nalo, hutulia, na likikuta nafasi, hunyooka kuifuata nafasi hiyo mpaka likatike. Chemba iliyochongwa kwa mashine ya gereji, bila ya vipimo vya kukagulia kina chake, huwa imezidi kina au imekwenda upande, na jicho haliwezi kuliona kosa hilo kwa sababu risasi inaingia vizuri na kizibo kinafunga vizuri. Ganda ndilo linalosema ukweli. Lichukue lililokwisha kupigwa, ligeuze polepole penye mwanga wa dirisha: katika risasi zenye mkanda kitakoni, yaani uvimbe wa shaba uliolizunguka ganda, kama hiyo .300, juu kidogo ya mkanda utauona mstari mwembamba unaong'aa, umelizunguka ganda kama pete. Kisha chukua waya mwembamba, ikunje ncha yake, uipitishe mdomoni mwa ganda mpaka chini, halafu uiburute ukutani kuja juu. Ncha ikikwama kwenye kifereji ambacho hukioni, ujue ukuta wa shaba hapo umebaki mwembamba kama karatasi, na risasi nyengine itakayopigwa katika chemba hiyo inaweza kukatika hapo hapo na kuachia gesi. Gesi hiyo itarudi ilipo njia, na katika bunduki hizi njia ipo karibu na jicho la mpigaji.

Tena msukumo unaokifikia kizibo haupimwi kwa shinikizo tu, bali kwa shinikizo pamoja na upana wa kitako cha ganda. Kitako cha .30-06 ni cha milimita 12 hivi na cha .300 Winchester Magnum ni cha milimita 13, na shinikizo la hiyo ya pili ni paundi 64,000. Milimita moja inaonekana si kitu, lakini ukifanya hesabu utaona kwamba msukumo unaongezeka kwa takriban robo. Kiwanda kikitaka kuuza bunduki ya namna hiyo huanza na mtutu wake tangu mwanzo, kikaujaribu kwa risasi zenye nguvu kuliko za kawaida, kikaugonga muhuri. Fundi wako ataijaribu kwa bega lako.

Kuna jambo jengine ambalo mafundi wa kupanua hawalisemi kabisa, nalo ni namna ganda linavyotoka. Bunduki ya komeo, ile inayofungwa kama komeo la mlango, mkono wake unapoinuliwa, hulizongoa ganda kwa nguvu nyingi kabla ya kulivuta. Bunduki ya kizibo haina nguvu hiyo, inategemea kidude kidogo kinacholisukuma ganda kutoka ukingoni. Ndiyo maana risasi za kale za bunduki hizi zilikuwa na ukingo mpana kitakoni, na ndiyo maana Holland & Holland, watengeneza bunduki wa London, walipoleta .375 yao mwaka 1912, hawakuleta moja bali mbili: yenye mkanda kwa bunduki za komeo, na nyengine yenye ukingo na shinikizo la chini kidogo kwa bunduki za mitutu miwili na za risasi moja. Wale walikuwa mafundi wa kweli, na hawakusema kwamba kizibo hakishindwi. Bunduki za kiwanda za siku hizi zimetengenezewa kitoa ganda kinachoiweza ile yenye mkanda, na kwa hiyo .375 uliyoonyeshwa haina kasoro hiyo. Lakini kitoa ganda kilichoundwa kwa kitako cha .30-06 kikachongwachongwa kwa tupa kipokee kitako kipana, siku ya joto kitaliacha ganda limenata chembani. Joto lenyewe huongeza shinikizo la baruti, na risasi zilizoshinda juani mbele ya gari Morogoro si sawa na zile zile zikiwa kivulini. Rigby, mtengeneza bunduki mwengine wa London, aliipa .416 yake ya mwaka 1911 ganda kubwa kuliko lililoonekana kuhitajika, na sababu yake ilikuwa hiyo hiyo ya kushusha shinikizo katika nchi za joto.

Hii ya kupanua ni tawi tu la kosa moja kubwa zaidi, ambalo ndilo linaloniudhi kuliko yote, yaani imani kwamba risasi ikiingia na bunduki ikafunga, basi ni yake. Chukua .450 ya Waingereza yenye ganda la inchi tatu na robo. Ganda hilo hilo lilijazwa baruti nyeusi, kisha likajazwa kodaiti (baruti ya Kiingereza isiyo na moshi) kidogo kwa ajili ya bunduki zile zile kongwe, na tangu mwaka 1898 likajazwa kodaiti kamili. Zote tatu zinaingia katika chemba moja, na ya tatu haikukusudiwa kabisa kwa bunduki ya kwanza. Katika mitutu ya Kiingereza utakuta maandishi madogo kama CORDITE 70-480 MAX, maana yake ni greini 70 za kodaiti na kichwa cha greini 480, usizidishe. Mtutu usiokuwa na maandishi ya namna hiyo wala herufi NP za majaribio ya baruti ya kisasa, uuhesabu kuwa ni wa baruti nyeusi mpaka ithibitike vyenginevyo. Au chukua bunduki za Kijerumani za risasi moja za milimita 8. Ganda la 8x57 JR na la 8x57 JRS ni moja, lakini kichwa cha ya pili kina kipenyo cha inchi .323 na mtutu wa ya kwanza umechimbwa kwa kichwa cha .318. Tofauti yake ni herufi S, na S hiyo ikipuuzwa, kichwa kikubwa hulazimishwa kupita katika tundu dogo huku shinikizo likipanda nyuma yake.

Watu wa njia ya mkato wana dawa kwa kila kitu. Ganda likilegea watalizungushia karatasi, kizibo kikicheza watakipachikia kibati, tundu la pini inayoipiga risasi likipanuka watalijaza kwa kuchomelea, na mteja akiuliza kipimo huambiwa kwamba hiyo ni kazi ya uzoefu. Mimi sijui uzoefu usiokuwa na kipimo ni uzoefu wa nini. Anayekupanulia chemba muulize vipimo vyake vya kina viko wapi, muulize atakugongea muhuri gani mpya juu ya mtutu, na muulize ni nani atakayekwenda na wewe polisi kuandikisha kaliba mpya.

Na hiyo .30-06 yenyewe, kabla hujatoa pesa, mwambie muuzaji unataka chemba ipimwe na fundi mwenye leseni, kwa kuwa hujui kama yupo aliyetangulia kuifanyia hayo unayotaka kufanyiwa wewe. Fundi atamimina madini laini yanayoyeyuka kwa moto mdogo, atoe umbo la chemba na kulipima. Kisha ipigwe kwa risasi mpya za kiwandani katika kiwanja cha shabaha, na ganda la kwanza ulikague kwa waya kama nilivyoeleza. Ukija nayo Unguja kwa ruhusa, usiende kuijaribu uwandani upande wa mashariki kama wafanyavyo baadhi ya vijana, kwani kichwa cha .30-06 kinaweza kufika kilomita nne na zaidi, mawe ya matumbawe hukirudisha kokote, na ndani ya vichaka hivyo wamo wakata kuni. Risasi usiziweke katika mkanda wa ngozi, maana ngozi pamoja na unyevu wa visiwani huilisha shaba ukungu wa kijani. Muuzaji akikataa chemba isipimwe, ondoka. Na utakapojaaliwa uwezo wa nyati, iuze hii ikiwa nzima, uongeze, ununue .375 iliyotoka kiwandani ikiwa .375, na kibali kiandikwe upya kwa jina la kaliba hiyo.